Msikate Ufadhili Kimyakimya

Kwa:
Makamu Wakuu wa Vyuo Vikuu nchini Tanzania,
Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia,
Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu,
na mifuko, kampuni na taasisi zote zinazosomesha vijana wetu vyuoni.

YAH: MWANAFUNZI APEWE ONYO NA NAFASI KABLA YA KUKATIWA UFADHILI

Waheshimiwa,

Nafundisha hisabati kidato cha tano na cha sita katika shule ya serikali ya bweni, huku Nyanda za Juu Kusini. Kila mwaka Baraza la Mitihani likishatangaza matokeo ya kidato cha sita, walimu wa shule kama yetu tunaanza kazi nyingine isiyo kwenye ratiba. Tunakaa na vijana kujaza fomu za mikopo na za ufadhili, tunawaelekeza kuhakiki vyeti vya kuzaliwa RITA, tunawatuma kwa watendaji wa kata kutafuta barua, na waliofiwa tunawasaidia kufuatilia vyeti vya vifo vya wazazi wao. Ni kazi tunayoifanya kwa moyo, maana jina la mtoto wa mkulima likitokea kwenye orodha ya wafadhiliwa, kijiji kizima hupata habari kabla ya jua kuzama.

Nawaandikia kuhusu kinachotokea baada ya siku hiyo.

Kwanza nitoe shukrani inayostahili. Bodi ya Mikopo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004 na kuanza kazi Julai 2005, imesomesha vijana ambao bila hiyo wasingeliona geti la chuo. Fedha ya chakula na malazi imepandishwa kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Tangu mwaka wa masomo 2022/23 upo Ufadhili wa Samia kwa waliofanya vizuri zaidi katika masomo ya sayansi kidato cha sita, na pembeni yake zipo kampuni, makanisa, misikiti na mifuko ya watu binafsi inayosomesha vijana wachache kila mwaka. Juhudi hizi nazijua kwa sababu nawajua walionufaika nazo.

Lakini naona nguvu nyingi zikitumika kumwingiza mwanafunzi kwenye ufadhili, na nguvu kidogo mno kumsaidia abaki humo. Kupewa kuna sherehe, picha na hotuba. Kukatiwa hakuna hata simu.

Nitatoa mfano wa binti mmoja niliyemfundisha. Jina lake nalihifadhi, na mfadhili wake simtaji, kwa kuwa nia yangu si kumshtaki mtu. Mama yake anauza viazi kando ya barabara kuu. Binti alipata ufadhili kamili wa taasisi moja kusoma shahada ya sayansi kwa miaka mitatu. Barua yake niliisoma mwenyewe. Ilikuwa na kurasa nne, zote kwa Kiingereza. Ukurasa wa kwanza ulikuwa wa pongezi, wa pili orodha ya malipo: ada, chakula na malazi, vitabu, fildi. Sharti la kubaki na ufadhili lilikuwa ukurasa wa tatu, katikati ya vifungu vingine, mstari mmoja na nusu: GPA isishuke chini ya 3.5 mwisho wa kila mwaka. Mama aliweka dole gumba pale alipoonyeshwa.

Muhula wa pili wa mwaka wa kwanza binti aliugua taifodi wakati wa mitihani ya mwisho. Aliingia kwenye chumba cha mtihani akiwa na homa, akapata alama 37 katika somo moja. Alirudia somo hilo Septemba, akapata 68. Kwa kanuni za vyuo vyetu, ukifaulu sapu unaandikiwa C, hata kama umepata alama za juu namna gani. Mwisho wa Septemba taasisi ile ilimtumia barua pepe kumwarifu kwamba hayumo tena. Ilikwenda kwenye anwani aliyofunguliwa na kijana wa steshenari siku alipojaza fomu, na nywila yake hakuwahi kuwa nayo. Mwezi wa kumi alifika chuoni na begi lake na godoro, akakuta kwenye mfumo anadaiwa ada yote. Dirisha la maombi ya mkopo lilikuwa limeshafungwa, na hakuwa ameomba kwa sababu alijua ana mfadhili. Akaahirisha mwaka. Leo yuko kwenye kibanda cha wakala wa fedha za simu, stendi ya mabasi.

Mimi ni mwalimu wa hesabu, kwa hiyo naomba tuhesabu pamoja. Katika mfumo unaotumiwa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na vyuo vingi vilivyofuata utaratibu huo, A ina pointi 5, B+ ina 4, B ina 3, C ina 2. Chukua masomo kumi yenye uzito sawa. Binti huyu alikuwa na B+ tano, B nne na C moja ya sapu. Hizo ni pointi 20, 12 na 2. Jumla 34, gawanya kwa kumi, unapata 3.4. Alikosa ufadhili wa miaka miwili iliyobaki kwa pointi moja katika thelathini na tano.

Sasa tuhesabu upande wa pili. Mwanafunzi anayeugua, akifika ofisini na cheti cha daktari kabla ya mtihani na kupewa ruhusa, hufanya mtihani maalumu baadaye, na mtihani huo huhesabiwa kama wa mara ya kwanza. Alama anayopata ndiyo anayoandikiwa. Alama 68 ni B+. Pointi zake zingekuwa 36, na GPA yake 3.6. Mtihani ule ule, jibu lile lile, mkono ule ule. Kilichotofautisha 3.6 na 3.4 ni karatasi ya hospitali na mtu wa kumwambia aipeleke wapi na lini. Utaratibu huo umo kwenye kitabu cha kanuni za mitihani, lakini mwanafunzi wa mwaka wa kwanza mwenye homa usiku wa kuamkia mtihani hafungui kitabu cha kanuni. Anaogopa kwamba asipotokea atadisko, basi anajikokota kwenda.

Na kama angepewa mwaka mmoja wa kujirekebisha? Ili wastani wa miaka miwili ufike 3.5, mwaka wa pili alihitaji 3.6. Hizo ni B+ sita na B nne. Kwa mtoto aliyefaulu hisabati ya kidato cha sita katika shule yenye uhaba wa walimu, hilo si jambo la miujiza.

Waheshimiwa, tunaowafundisha tunawajua vijana hawa kabla hamjawapokea, nanyi mnajua kwamba mwaka wa kwanza ndio unaowaangusha wengi. Bweni la sekondari lina kengele inayomwamsha, prepu yenye mwalimu wa zamu, na mwalimu wa somo anayemjua kwa jina na kwa mwandiko. Akifika chuoni anaingia darasa la mamia ya watu, anatafuta chumba, pengine analala kwa kubebwa kitandani kwa mwenzake wiki kadhaa za mwanzo, anapokea bumu la kwanza maishani mwake na nusu yake inakwenda nyumbani kwa sababu mdogo wake amerudishwa shule kwa michango. Alama 40 za kozi zinakusanywa huku bado anatafuta njia ya kwenda maktaba. Anaposhtuka, kilichobaki ni alama 60 za mtihani wa mwisho. Masharti ya ufadhili yanampima kwa kipimo kimoja na yule aliyelelewa mjini, mwenye kaka aliyesoma chuo hicho hicho na kompyuta mpakato tangu kidato cha kwanza. Sisemi wapimwe kwa vipimo viwili. Nasema mwenye uzoefu mdogo aambiwe mapema anapoanza kuteleza.

Hili limewahi kufanywa kwingine, na matunda yake yameonekana. Jimbo la Georgia nchini Marekani lina ufadhili uitwao HOPE, unaolipwa kwa fedha za bahati nasibu ya jimbo tangu mwaka 1993. Ili kubaki nao chuoni, mwanafunzi anatakiwa kuwa na wastani wa 3.0 kati ya 4. Maelfu walikuwa wanaupoteza, na waliokwisha kuupoteza ni wachache waliomaliza shahada. Mwaka 2008 Chuo Kikuu cha Georgia State, jijini Atlanta, kilianzisha mpango uitwao Keep HOPE Alive. Aliyeangukia kati ya 2.75 na 2.99 alipewa dola 500 kwa muhula, kwa mihula miwili, kwa masharti: ahudhurie warsha za namna ya kusoma na kupanga fedha, na aonane na washauri wake. Kiwango cha 3.0 hakikuguswa. Walioutumia mpango huo waliurudisha ufadhili wao kwa wingi kuliko ilivyokuwa kabla yake. Mwaka 2011 chuo hicho kilianza kulipia salio dogo la ada kwa wanafunzi waliokuwa karibu kufutiwa usajili, na mwaka 2012 kikaweka mfumo unaofuatilia zaidi ya viashiria 800 vya mwanafunzi anayeanza kuyumba, ili mshauri ampigie simu mambo yakiwa bado madogo.

Hatuhitaji viashiria 800. Tunahitaji vitatu: alama za kozi zilizo chini ya nusu, mahudhurio yaliyokatika, na ada au fedha ya kujikimu iliyochelewa. Vyote vitatu vimeshaingizwa kwenye mifumo ya vyuo vyenu. Na kila mwanafunzi ana simu, ile ile inayopokea ujumbe kwamba fedha imeingia. Ujumbe wa onyo utapita njia hiyo hiyo.

Kwa hiyo ninawaomba mambo sita.

Kwanza, masharti ya kubaki na ufadhili yaandikwe kwa Kiswahili, yakae ukurasa wa kwanza wa barua, mara baada ya pongezi. Yaseme kiwango cha GPA, kinapimwa lini, kama ni cha mwaka au cha jumla, sapu inahesabiwaje, na mwanafunzi akiugua au kufiwa afanye nini. Yasomwe kwa sauti katika wiki ya kuwapokea wanafunzi wapya. Mzazi anayeweka dole gumba ana haki ya kujua anachokubali.

Pili, kila mfadhiliwa awe na mtu mmoja anayemjua, mwenye jina na namba ya simu, awe ni mhadhiri wa idara yake au ofisa katika ofisi ya mshauri wa wanafunzi. Alama za kozi zikitoka na mfadhiliwa akaonekana yuko chini, mtu huyo ampigie ndani ya wiki moja. Wanafunzi wa mwaka wa tatu waliobaki na ufadhili wao wanaweza kusaidia kazi hii. Wanajua somo lipi lina mtego na mhadhiri yupi yuko tayari kurudia swali.

Tatu, anayekosa kiwango kwa tofauti ndogo, kwa mara ya kwanza, apewe mwaka mmoja wa matazamio huku ada yake ikiendelea kulipwa. Amwone mshauri wake kila mwezi na ahudhurie vipindi vya ziada. Akishindwa tena, aondolewe kwa utaratibu, na hakuna atakayesema ameonewa.

Nne, kuwe na rufaa yenye tarehe. Ugonjwa, kifo cha mzazi, uzazi, ajali, visikilizwe na kamati, na uamuzi utoke kabla ya usajili wa mwaka unaofuata, ili kijana asipande basi la saa kumi na nne kwenda kuambiwa habari mbaya mlangoni. Taarifa ya kukatiwa isitumwe kwa barua pepe pekee. Apigiwe simu, na mzazi wake vilevile.

Tano, matokeo yafike kwa wakati. Bodi ya Mikopo huwalipa wanafunzi wanaoendelea baada ya kupokea matokeo yao kutoka vyuoni, na zaidi ya mara moja imevikumbusha vyuo hadharani kutochelewa. Chuo kikichelewa, anayelala njaa ni mwanafunzi aliyefaulu. Kijana asiyekula vizuri wiki nne za mwanzo wa muhula hukosa tesiti ya kwanza, na tesiti hiyo ndiyo inayomshusha chini ya kiwango mwishoni. Ucheleweshaji wa ofisi usigeuzwe kuwa kosa la mwanafunzi.

Sita, wafadhili binafsi wawasiliane na Bodi. Mfadhili anayejua kwamba mwanafunzi fulani yuko mashakani amwambie aombe mkopo dirisha likiwa bado wazi. Na Bodi iangalie uwezekano wa kumpokea nje ya dirisha yule aliyekatiwa ufadhili kwa ghafla, mradi amefaulu kuendelea na mwaka wa pili. Binti niliyemsimulia hakufeli. Chuo chake kilimtambua kuwa amefaulu na anaendelea. Alikosa wa kumlipia tu.

Najua mtakalojibu, na ni haki yenu kulijibu. Mtasema fedha ni chache, na nje kuna foleni ya vijana wenye sifa wasio na kitu, kwa hiyo anayeshuka ampishe mwingine. Mzembe ampishe, sina la kumtetea. Lakini angalieni hesabu ya mfadhili mwenyewe. Anayeachishwa baada ya mwaka wa kwanza ameshalipiwa ada ya mwaka mzima, chakula, malazi na vitabu. Asipomaliza, fedha hiyo yote haikumpa nchi mhandisi, daktari wala mwalimu wa fizikia. Mwaka wa matazamio una gharama, lakini gharama hiyo inalinda fedha ambayo imekwisha kutumika. Mfadhili anayetaka thamani ya fedha yake ana kila sababu ya kumpigia simu mwanafunzi mwezi wa kwanza kuliko kumfuta mwezi wa tisa.

Mtasema pia kwamba hawa ni watu wazima, wajifuatilie wenyewe. Ni watu wazima, ndiyo. Na mtu mzima aliyekopa benki kwa kuweka nyumba yake rehani, akichelewa kulipa, sheria inamlinda: hupewa notisi ya maandishi na muda wa kurekebisha kabla nyumba haijauzwa. Tunachowaombea vijana wetu hakizidi hapo.

Tena mtasema viwango vikilegezwa, ufadhili utapoteza heshima. Sijaomba kiwango kishushwe hata kwa nukta moja. Mimi mwenyewe nawaambia wanafunzi wangu wapige msuli, wasiridhike na B panapowezekana A. Kiwango kinapata heshima pale anayepimwa anapojua anapimwa kwa nini, yuko wapi, na amebakiza nini.

Kwenu wanafunzi mnaosoma barua hii mkiwa na ufadhili mkononi, nina maneno machache. Ifungueni barua yenu leo, mtafute kifungu cha masharti, na kama hamkielewi muulizeni ofisini kabla ya mtihani wa kwanza. Fungueni barua pepe yenu wenyewe, nywila muwe nayo wenyewe, kisha mpeleke anwani hiyo kwa mfadhili. Mkiugua, nendeni hospitali na mtoe taarifa kabla ya mtihani; baada ya mtihani inakuwa vigumu sana kusikilizwa. Na ukipata alama mbaya ya kozi, usijifiche kwa aibu. Mtafute mhadhiri, mtafute mshauri, mpigie hata mwalimu wako wa sekondari. Tutapokea simu.

Waheshimiwa, kati ya mambo sita niliyoomba, la kwanza linahitaji mtu wa kuandika ukurasa mmoja wa Kiswahili. La pili na la nne yanahitaji watu ambao tayari mnawaajiri wapewe jukumu linaloeleweka. La tano ni utekelezaji wa utaratibu uliopo. Ni la tatu na la sita pekee yanayohitaji fedha mpya au mabadiliko ya kanuni, na hayo naomba yaingizwe kwenye mazungumzo ya bajeti ijayo. Naomba pia kila taasisi inayotangaza idadi ya inaowapokea itangaze, katika taarifa ile ile, idadi ya waliobaki na ya waliotoka, pamoja na sababu za kutoka kwao. Mlipakodi na mchangiaji wana haki ya kujua fedha yao imemfikisha nani wapi.

Vyuo vitafunguliwa tena mwezi wa kumi, na katika basi litakaloondoka huku kwetu watakuwamo wanafunzi niliowafundisha. Nimewajazia fomu, nimewaambia wazazi wao kwamba watoto wao wamepata ufadhili. Nisaidieni ili neno hilo ninalowapa wazazi liwe la miaka yote mitatu au minne ya shahada, lisiishie miezi tisa ya mwaka wa kwanza.

Wenu katika kulijenga taifa,

Mwalimu wa hisabati, kidato cha tano na cha sita
Nyanda za Juu Kusini